Fuso Iliyokohoa Bondeni: Siku Saba Kati ya Tabora, Kigoma na Manyovu

Nimerudi Tabora Jumapili usiku. Daftari langu la safari limelowa dizeli kwenye kona na kurasa mbili zimegandana, lakini zilizobaki zinasomeka, na picha za kwenye simu zina saa na tarehe, kwa hiyo nimeweza kuupanga mwendo wote siku kwa siku. Naandika kwa ajili ya madereva wenzangu wanaopandisha na kuteremsha mizigo Manyovu, kule milimani karibu na mpaka wa Burundi, na kwa yeyote mwenye gari la dizeli linalopanda mlima vizuri kabisa halafu linakohoa likifika chini. Nilitafuta maelezo ya jambo hili kwa Kiswahili nikiwa nimekwama pembeni ya barabara, sikupata.

Siku ya 1, Jumatatu: Tabora hadi Uvinza

Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mimi na utingo wangu, kijana wa Urambo ambaye masikio yake ni mazuri kuliko yangu, na safari hii yalitusaidia sana. Mzigo wa kwenda ulikuwa mchele wa mfanyabiashara mmoja wa Kigoma. Wa kurudi, maharage ya Manyovu. Tenki letu ni la lita 200 na nililijaza pale pale mjini kabla ya kuondoka. Hilo la tenki kujaa msilisahau, litarudi.

Urambo tulisimama nusu saa kumsalimu mama yake utingo. Alitufungia mihogo ya kuchemsha na karanga kwenye mfuko, akakataa hela, akasema, "Mlete mwanangu salama." Baada ya Kaliua ni miombo kulia na miombo kushoto hadi unauvuka mto Malagarasi, sina cha kusimulia. Uvinza tuliingia usiku. Gesti 15,000, mlinzi wa kuangalia gari 3,000. Ukipita Uvinza mchana nunua chumvi, maana inatengenezwa hapo hapo kutokana na chemchemi za maji ya chumvi, na kina mama wa Manyovu wanaipokea kwa furaha kuliko zawadi yoyote utakayoipeleka.

Siku nzima injini haikukosea hata mara moja.

Siku ya 2, Jumanne: Uvinza hadi Kigoma

Njia yote ni lami. Tukiwa tunateremka kuelekea mjini Kigoma, mteremko ukaisha, nikakanyaga mafuta, na utingo akageuka.

"Kaka, umeisikia?"

"Nini?"

"Imekata kidogo. Kama mtu aliyepaliwa."

Sikuwa nimesikia kitu. Nikamwambia labda ni uchafu kwenye dizeli, nikaendelea. Nimeangalia picha ya dashibodi niliyopiga tulipofika, kwa ajili ya hesabu ya mafuta: mshale ulikuwa chini kidogo ya theluthi. Jibu nilikuwa nalo kwenye simu tangu Jumanne na sikujua kulisoma.

Tulishusha mchele hadi saa tisa, kisha nikaenda kula Kibirizi, kule mitumbwi inakoshusha samaki. Mgebuka wa kukaanga, ugali wa muhogo, mchuzi wa mawese, 6,000. Niliongeza dizeli lita 40 tu, kwa kuwa mwenye mzigo alikuwa bado hajanilipa. Gesti ya Mwanga, 20,000.

Siku ya 3, Jumatano: Kigoma hadi Manyovu

Barabara ya Manyovu unaikamata Mwandiga. Ni kama kilomita 60 za lami, na karibu zote ni kupanda, kushuka kidogo, kupanda tena. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na unaliacha chini hadi hewa yenyewe inabadilika. Bitale bado una joto la ziwani. Kalinzi unaanza kuona mibuni na migomba, na ukifika Manyovu jioni unalitafuta koti. Fuso ikiwa tupu ilipanda kama mbuzi. Gia namba nne, namba tatu kwenye kona, haikuomba hata kupumzika.

Kuna kizuizi njiani. Kwa kuwa ni karibu na mpaka wa Burundi wanauliza vitambulisho, basi kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni, siyo kwenye begi chini ya turubai. Sisi tulipoteza dakika kumi na tano kwa sababu cha utingo kilikuwa chini ya kiti, ndani ya kiatu.

Salamu za watu wa huku zina heshima ambayo sisi wa mjini tumeipoteza. Wazee wa Kiha wanakusalimu huku wakipiga makofi taratibu, "Mwakeye", na hawana haraka ya kuingia kwenye biashara. Dada aliyetuuzia maharage alitupikia kwanza, ndizi na maharage mabichi, ndipo tukazungumza bei. Chumvi ya Uvinza aliipokea kwa mikono miwili. Nililala nikiwa nimejifunika mablanketi mawili.

Siku ya 4, Alhamisi: mteremko

Tulipakia magunia 80 ya kilo mia mia, tukafunga turubai, tukaondoka saa nne. Mshale wa tenki ulikuwa chini kidogo ya nusu.

Kuteremka na tani nane ni kazi ya gia, breki ni za kusaidia tu. Niliweka namba tatu, nikawasha eksozi breki, ile inayobana njia ya moshi, nikaacha injini ishike gari. Mteremko mmoja, wa pili, yote sawa. Ukaja ule mrefu, wa kama kilomita sita za kona mfululizo, ambao mwisho wake kuna daraja dogo na mara unapanda tena. Mguu ulikuwa nje ya pedali ya mafuta muda wote. Nilipovuka daraja nikakanyaga. Hakuna kitu. Nikakanyaga zaidi. Gari likatikisika kama linalovuta tela lililofungwa breki, likakohoa mara tatu, likatoa moshi mweupe mzito nyuma, na injini ikazimika tukiwa tumeanza kupanda.

Usukani ukawa mzito papo hapo. Kompresa ilikuwa imesimama na upepo wa breki ni ule tu uliobaki kwenye mitungi, kwa hiyo sikutaka kuuchezea. Nikavuta breki ya mkono, utingo akaruka na jiwe la kuzuia tairi kabla sijasema neno. Tuliweka pembetatu nyuma na mbele, na matawi zaidi ya hapo, mbali kabisa, kabla ya kona, kwa sababu pembetatu ya hatua thelathini haimsaidii mtu anayeshuka na tani kumi.

Nikalegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, nikapiga hendi pampu, ile ya mkono ya kuvutia dizeli. Ilitoka povu tupu. Nilipiga kama mara sitini ndipo dizeli safi ikaja. Injini ikawaka, ikapanda kilima bila shida yoyote. Kilima kilichofuata tukashuka tena kwa muda mrefu, na chini ikakohoa tena, ingawa haikuzimika. Hapo nilitafuta sehemu pana karibu na Kalinzi nikaegesha.

Nisimame kidogo kwa jambo moja. Kuna wenzetu wanaoshuka milima hii wakiwa wameachia gia, wanasema wanabana mafuta. Ukishuka kwenye gia bila kukanyaga, gavana, kile kidhibiti cha pampu ya dizeli, inafunga mafuta kabisa na injini inazungushwa na magurudumu. Haili chochote. Ukiachia gia, injini lazima ijizungushe yenyewe kwa silensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, na hapo inakula. Kwa hiyo unatumia mafuta zaidi, unachoma breki, na siku injini ikizimika katikati ya kona huna upepo wala usukani. Mimi injini ilizimika nikiwa tayari napanda, kwa mwendo mdogo. Ningekuwa nimeachia gia kule juu, sijui nani angeandika haya.

Fundi mmoja alikuja na pikipiki kutoka mjini, nikamlipia mafuta 15,000. Alisikiliza injini ikiwa silensa dakika mbili, akasema pampu imekufa, ishushwe ipelekwe ikapimwe, na nozeli zote sita, zinazopulizia dizeli kwenye silinda, zibadilishwe, jumla 1,400,000. Moshi mweupe nao akasema huenda ni gasketi ya silinda. Nilimheshimu kwa kuja, lakini moyo ulikataa. Pampu iliyokufa haipandishi tani nane mlimani bila kulalamika. Na maji ya rejeta nilikuwa nimeyaangalia, hayakupungua hata kidogo. Nikamshukuru, nikamwambia nitafikiri.

Tulilala ndani ya gari. Familia ya nyumba ya jirani ilituletea uji jioni na birika la maji ya moto asubuhi, na kijana wao wa darasa la sita alikaa na sisi hadi giza likaingia, akishika tochi bila kuombwa. Mama yake ndiye aliyesema, "Baba mkwe aliendesha malori miaka mingi. Kesho nitamwita."

Siku ya 5, Ijumaa: mzee na mpira wa levo

Mzee alifika saa moja asubuhi na fimbo yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye gogo na kuniuliza maswali matatu kabla hajalitazama gari.

"Inakohoa ukiwa unashuka, au ukishamaliza kushuka?"

Ukishamaliza, baba.

"Mteremko mfupi nao?"

Hapana. Ule mrefu tu.

"Tenki likoje?"

Hapo nilinyamaza. Nikafungua simu, nikatafuta ile picha ya Jumanne, nikakumbuka Jumatatu nzima tenki likiwa limejaa na injini haikukosea. Nikamwambia: likiwa nusu kushuka chini. Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaniambia niwashe, akaenda nyuma akanusa moshi. Ulikuwa umebaki kidogo tu, na ulimchoma macho. "Huu ni dizeli isiyoungua. Mvuke wa maji hauchomi macho hivi."

Alichonieleza, nakiandika kama nilivyokielewa. Unaposhuka bila kukanyaga, injini haiombi mafuta. Lakini ile pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tenki inaendelea kuzunguka, tena kwa kasi, kwa sababu injini iko kwenye mizunguko mingi. Inavuta, inapeleka kwenye filta na kwenye pampu kubwa, na kinachozidi kinarudi tenki. Kama inavuta hewa, hewa hiyo inajikusanya njiani kimya kimya na wewe hujui, maana injini haijaomba chochote. Unajua siku unapokanyaga. "Ugonjwa unaupata mlimani," alisema, "homa inakupanda bondeni." Mteremko mfupi hauleti shida kwa kuwa filta lina akiba ya dizeli safi, na kabla hewa haijaipita akiba hiyo umeshamaliza kushuka.

Sasa hewa inaingilia wapi? Hakutaka kukisia. Alitaka tushuke ule mteremko wa kilomita sita tena, mara tatu, na kila mara tubadilishe kitu kimoja tu. Nilihesabu dizeli kichwani na nikaumia, lakini nikakubali. Tulimwachia jirani magunia 50 barazani kwake ili gari lipate wepesi.

Mara ya kwanza tulichomoa paipu ya upepo ya eksozi breki. Mzee alisema kipepeo cha eksozi kikinata kimefungwa, injini nayo inabanwa pumzi na kukohoa hivi hivi, ila moshi wake huwa mweusi. Tulishuka kwa gia namba mbili, polepole, yeye akiwa katikati yetu. Darajani ikakohoa. Basi siyo eksozi breki.

Mara ya pili ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Mzee alimtuma mjukuu kwa fundi ujenzi akaazime mpira wa levo, ule mpira mweupe unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi wanasawazishia msingi. Tulikata mita mbili na nusu, baadaye nikamlipa mwenyewe 5,000. Tulitoa hozi nyeusi inayotoka tenki kwenda pampu, tukaweka huo mpira mweupe badala yake, tangu kwenye mdomo wa tenki kabisa, tukaubana kwa klipu pande zote mbili na kuufunga kwenye ngazi ya kupandia upande wa abiria, ambako tenki letu liko. Utingo alikaa dirishani anarekodi video kwa simu. Video ninayo hadi sasa. Kwa dakika mbili na sekunde kadhaa dizeli inapita safi, rangi ya chai nyepesi. Tunaingia sehemu kali zaidi ya mteremko. Kiputo kimoja kinapita, kisha vitatu, kisha mpira mzima unakuwa kama chupa ya soda iliyotikiswa. Sauti ya utingo inasikika: "Mzee! Inachemka!" Ilivyofika darajani, ikakohoa.

Mpira ulianzia mdomoni mwa tenki na ulikuwa mpya, umebanwa vizuri. Kwa hiyo hewa haikuingilia njiani. Ilitoka ndani ya tenki lenyewe.

Mimi nikadhani tundu la pumzi la mfuniko wa tenki limeziba. Mzee akanifungulia mfuniko tuusikilize, haukuvuta pumzi. Akanionyesha pia kwamba halilingani na dalili: tundu la pumzi likiziba, tenki linajibana pale mafuta yanapotumika sana, yaani ukipanda. Sisi tulikuwa tunaumwa kwenye kushuka, ambako hatutumii kitu.

Mara ya tatu tulitumia dumu la lita 20. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mafundi wengi wanajua kipimo cha dumu lakini wanakiharibu. Wanalitundika juu ya kabini. Dumu likiwa juu kuliko pampu, dizeli inashuka yenyewe, na kama kuna ufa kwenye hozi hautavuta hewa, utavujisha dizeli nje, nawe utadanganyika kwamba hozi ni nzima. Mzee alilifunga chini, usawa wa tenki, kwa kamba nne, likiwa limesimama wima. Na paipu ya kurudishia mafuta nayo tuliiingiza kwenye dumu hilo hilo. Usipofanya hivyo dumu linajihamishia lote tenkini na unazimika katikati ya kona. Dizeli tuliichuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne.

Tukashuka. Namba mbili, kona zile zile, mteremko ule ule. Mpira mweupe ulibaki msafi hadi chini. Darajani nikakanyaga, na fuso ikanguruma ikapanda. Utingo alipiga bodi ya mlango kwa kiganja mara tatu. Mzee alinyamaza, akatazama mbele, lakini nilimwona anatabasamu.

Kuitoa paipu ya kunyonyea mafuta ilikuwa kazi ya dakika ishirini, bolti sita juu ya tenki. Ni mrija wa chuma unaoshuka hadi karibu na sakafu ya tenki, umekaa upande wa nyuma. Kwa macho ulikuwa mzima, una kutu kidogo tu. Mzee akaomba beseni la maji. Alifanya kama fundi pancha: akaziba mdomo wa chini kwa kidole gumba, akauzamisha, akaniambia nipulize kwa juu. Viputo vikatoka ubavuni mwa mrija, kwenye kishimo cha kutu ambacho hata ukucha ulikuwa haukishiki.

Mjukuu wake aliuliza kwa nini sasa haikukohoa tukiwa tambarare. Mzee akamjibu kwa soda: "Mrija wako ukitoboka ubavuni, soda ikiwa imejaa unakunywa tu, tundu limezama. Ikipungua unavuta upepo. Na ukiinamisha chupa, soda inakimbilia upande mmoja, tundu linabaki wazi hata kama soda ipo." Gari likiinamisha pua, dizeli ilikimbilia mbele ya tenki, na tundu letu lililo nyuma likabaki linanyonya upepo kilomita sita nzima.

Siku ya 6, Jumamosi: fundi friji

Alfajiri utingo alipanda haisi kwenda Kigoma akiwa na ule mrija kwenye gazeti. Nilimwambia asiende gereji, aende kwa fundi friji. Hao wana paipu za shaba za kila unene, na wanajua kuunga kwa gesi bila kuacha tundu, kwa sababu gesi ya friji haisamehi. Fundi alikata kipande cha zamani, akaunga shaba mpya kwenye kichwa kile kile, akaijaribu kwa upepo ndani ya maji mbele ya utingo. Shaba na ufundi 45,000. Nauli kwenda na kurudi 10,000.

Nawaomba sana: kitolewe kinachotoka, kikaungwe mbali. Asije mtu akakushawishi achomelee kitu tenki likiwa garini kwa sababu "ni dizeli tu, haiwaki". Mvuke ulio ndani ya tenki nusu tupu unalipuka.

Wakati nasubiri niliosha kichujio kidogo cha waya kilicho kwenye pampu ya kuvutia. Kilikuwa na tope jeusi karibu nusu. Gharama yake ni sabuni na dakika kumi, na nilikuwa sijakifungua tangu ninunue gari hili.

Saa tisa mrija ulikuwa umerudi mahali pake, na gasketi mpya niliyoikata kwenye karatasi ya gasketi. Magunia 50 tuliyarudisha, vijana watano wa jirani walisaidia na nikawapa 10,000 wagawane. Mzee nilimpa bahasha, akaitoa hela, akahesabu, akanirudishia nusu. "Hii ni ya uji wa watoto wako." Sikubishana naye, nilishika mkono wake kwa mikono yangu miwili.

Kuna kituo cha mafuta ningeweza kuagizia dizeli, lakini sikuongeza hata lita. Mshale ulikuwa theluthi. Nilitaka kuuona ukweli tenki likiwa vile vile lilivyoniangusha, kwa hiyo tulipanda hadi kileleni mwa ule mteremko mrefu, tukageuza, tukashuka na tani nane. Mpira mweupe niliuacha ukiwa umefungwa. Namba tatu, eksozi breki, mguu nje. Mkono wa kulia, nyuma ya safu ile ya vilima, ndiko iliko hifadhi ya Gombe, na jua lilikuwa linazama upande huo. Utingo hakulitazama jua. Alitazama mpira njia nzima.

Hakuna kiputo hata kimoja. Darajani nikakanyaga, ikavuta.

Mwandiga tuliingia saa mbili usiku, nikajaza tenki, tukala chipsi mayai tukiwa tumesimama.

Siku ya 7, Jumapili: nyumbani

Zaidi ya kilomita 400, saa kumi na tano na mapumziko. Mpira wa levo nimeubadilisha na hozi halisi ya dizeli, maana ule ni wa kupimia tu, dizeli inaukaza na kuupasua ukiuacha. Gharama zote za ugonjwa huu, ukitoa dizeli ya kupanda na kushuka mara nne na bahasha ya mzee, ni kama 85,000, pamoja na mafuta ya pikipiki ya yule fundi wa kwanza.

Tulikuwa tumepita Kaliua simu ilipolia. Alikuwa mzee, kwa simu ya mkwe wake.

"Bondeni ilikohoa?"

"Hapana, baba. Haikukohoa."

"Tenki lilikuwaje?"

"Theluthi."

Akakaa kimya kidogo. "Basi imepona. Msalimie kijana wako."